Kabla ya Kengele: Kupanga Siku ya Kuruka Viunzi kwa Kuhesabu Kinyumenyume

Siku ya mashindano mimi huanza kuihesabu kutoka kesho yake asubuhi. Ninajiona nimesimama mlangoni mwa banda. Nimepitisha viganja kwenye miguu yote minne ya farasi wangu, kutoka gotini hadi kwatoni, na sikukuta joto wala uvimbe. Rafiki anamshika kamba na kumkimbiza kwa telki, mbio za polepole, kwenye ardhi ngumu, mstari ulionyooka, na kichwa chake kinatulia. (Farasi anayeumia mguu wa mbele hunyanyua kichwa kila mguu huo unapokanyaga.) Hilo ndilo lengo langu la kwanza, kabla ya utepe wowote wa ushindi. Nikishaliweka mbele ninarudi nyuma na kujiuliza: ili asubuhi hiyo iwe hivyo, kabla yake kilipaswa kufanyika nini?

Mpanda farasi wa ridhaa anauhitaji mtindo huu kuliko bingwa. Bingwa ana saisi wa kumtunza farasi, kocha, fundi wa viatu vya farasi na daktari wa mifugo. Wewe una kazi nyingine inayokulisha, una msaidizi mmoja kama umebahatika, na una farasi mmoja unayempenda. Usilolipanga wewe halina mwingine wa kulipanga.

Basi turudi jioni ya siku yenyewe. Ukishamaliza kuruka, shuka, legeza mkanda wa tandiko, mtembeze kwa mkono. Farasi hajui matokeo. Anachojua ni kwamba ana joto na ana kiu. Akiwa amepumzika hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, moyo hupiga mara 28 hadi 44, na joto la mwili huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Vipime mara kadhaa bandani siku za kawaida, uandike, ili siku ya mashindano ujue kama amerudi kwenye hali yake au bado. Mmwagie maji ya baridi mwilini na umpe ya kunywa. Imani ya zamani kwamba farasi mwenye jasho asipewe maji imewatesa wanyama wengi bure. Ndiyo maana kwenye orodha yangu ya mizigo vitu vya kwanza ni ndoo mbili, sifongo, kipimajoto na madumu ya maji kutoka nyumbani, kwa sababu wapo farasi wanaogoma maji yenye ladha ngeni. Kama ulimfunga njumu kwenye viatu ili asiteleze kwenye majani, zifungue kabla hajapanda gari. Akijikanyaga safarini zitamchana.

Kabla ya jioni kuna kengele. Njia, yaani mfuatano wa viunzi utakavyoruka uwanjani, yenye urefu wa mita 420, ikipangiwa mwendo wa mita 350 kwa dakika, hupewa sekunde 72. Siku nzima imekusanywa humo. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kengele ikilia una sekunde 45 za kuvuka mstari wa kuanzia. Zikiisha, saa huanza kuhesabu hata kama wewe bado unazunguka, na ukiruka kiunzi cha kwanza kabla ya kengele unaondolewa. Kuangusha ufito ni pointi 4 za adhabu. Farasi akigoma ni pointi 4, akigoma tena umeondolewa; kuanguka, wewe au farasi, kunamaliza mashindano yako hapo hapo. Mashindano ya ridhaa mara nyingi huwa na kanuni zake kuhusu kugoma, kwa hiyo soma kijitabu cha mashindano unayoingia siku kadhaa kabla, usisubiri kuulizia langoni.

Sekunde hizo 45 zina kazi, na watu wengi huzipoteza kwa kukimbilia kiunzi cha kwanza. Mimi humpitisha farasi karibu na kile kiunzi ambacho nadhani kitamshtua, pengine chenye maua mengi au ubao wa rangi kali, bila kumwelekeza kukitazama kana kwamba anataka kukiruka. Kisha ninatafuta mwendo. Mbio za wastani zenye mdundo ule ule ninaotaka kumaliza nao ndizo ninazoanza nazo. Kumrekebisha farasi baada ya kiunzi cha tatu ni vigumu mno.

Sasa uwanja wa kupasha misuli, mahali ambapo nimeona siku nyingi zikiharibika, moja ikiwa yangu. Nilifika mapema kuliko ilivyotakiwa, nikaruka kiunzi kimoja kibaya, nikataka kukirudia hadi kiwe kizuri, kisha nikakirudia tena. Nilipoitwa tayari farasi alikuwa amesharuka zaidi ya mara ishirini. Uwanjani alijitahidi hadi kiunzi cha sita, kisha miguu ikawa mizito na fito tatu zikaanguka mfululizo. Alinipa kila alichokuwa nacho. Nilikuwa nimekwisha kukitumia nje. Tangu siku hiyo ninapanga mapema idadi ya mara nitakazoruka, na kwangu ni kati ya nane na kumi: chache kwenye fito zilizopishana, kisha kiunzi cha wima, kisha kiunzi kipana, na cha mwisho kiwe cha wima ili awe mwangalifu. Mruko mzuri wa mwisho ukipatikana mapema, ninaacha.

Ili hesabu hiyo iende sawa lazima ujue zamu yako. Simama langoni kabla daraja lako, yaani kundi la wanaoruka kimo chako, halijaanza na upime farasi mmoja anatumia muda gani kutoka kuingia hadi kutoka. Ikiwa ni dakika mbili na wewe ni wa ishirini, una kama dakika 40, ukiondoa za kutengeneza viunzi vilivyoanguka. Mwambie msaidizi wako akuhesabie: wamebaki kumi, wamebaki watano. Uwanja wenyewe una adabu zake. Viunzi huwa na bendera, nyekundu ikiwa upande wako wa kulia na nyeupe kushoto, na huruki kwa upande wa pili. Tangaza kwa sauti kiunzi unachokiendea. Mwenye farasi mchanga mwachie nafasi. Siku yako ya kuachiwa nafasi ipo.

Kabla ya kupasha misuli kuna kukagua njia kwa miguu, na hapa naomba utulie nami kidogo.

Watu huikagua njia kama wanaotembelea maonyesho: wanatazama rangi, wanapima kimo kwa mkono, wanazungumza. Mimi huitembea mara tatu. Ya kwanza ni ya kukariri tu, nikifuata ramani iliyobandikwa langoni, nikiangalia kila kiunzi kina namba gani na mstari wa kumalizia uko wapi. Usicheke mstari wa kumalizia. Wapo walioruka viunzi vyote bila kosa wakapotea hapo. Ya pili ni ya kuhesabu. Ya tatu naitembea kama farasi atakavyopita, nikikata kona pale nitakapokata kweli, maana ukikagua kona kwa kupita katikati ya uwanja utashangaa ukiwa juu ya tandiko kwamba kiunzi kimekuja kwa pembe usiyoijua.

Kuhesabu kunakwenda hivi. Hatua moja ya farasi wa kimo cha kawaida katika mbio za wastani za kuruka huchukuliwa kuwa kama mita 3.6, yaani hatua nne za mtu zenye sentimita 90 kila moja. Toa hatua zako mbili za kutua baada ya kiunzi na mbili za kuondokea kabla ya kinachofuata; zinazobaki zigawe kwa nne. Hatua zako nane kati ya viunzi pacha, viwili vinavyofuatana kwa karibu, ni nafasi ya hatua moja ya farasi. Kumi na mbili ni hatua mbili. Ishirini na nne ni hatua tano. Ukipata ishirini na mbili na nusu, mjenzi wa njia amekuuliza swali: utamfupisha farasi afanye tano, au utamrefusha afanye nne? Jibu linategemea farasi wako na mahali. Mteremko na kuelekea lango la kutokea humrefusha farasi. Mwinuko, mchanga mzito na kona kali humfupisha. Farasi mfupi ana hesabu yake mwenyewe, na kwenye viunzi vya chini vya sentimita 80 au 90 farasi huondokea karibu zaidi, hivyo nafasi hujengwa fupi kidogo. Hesabu hizi hazina maana kama hatua yako haina kipimo. Tandaza futi kamba nyumbani, weka alama kwenye mita 3.6, uitembee kwa hatua nne kila siku kwa majuma kadhaa hadi mguu ukariri. Siku ya mashindano, ukiwa na wasiwasi, hatua hufupika bila wewe kujua. Mguu uliozoea haudanganyiki kwa urahisi.

Ukimaliza, simama pembeni, fumba macho, uipite njia yote kichwani. Pale unapokwama ndipo pa kurudi kupatazama.

Kabla ya ukaguzi kuna ofisi ya mashindano. Namba, karatasi ya uanachama, pasipoti ya farasi yenye chanjo zilizo hai: viweke kwenye bahasha moja ya plastiki na ibaki kwenye kiti cha mbele cha gari. Kwa mashindano ya FEI, chanjo ya mafua ya farasi lazima iwe imerudiwa ndani ya miezi sita na siku 21, na isiwe imechomwa ndani ya siku saba kabla ya kufika. Itazame tarehe hiyo mwezi mmoja kabla, wakati bado kuna nafasi ya kufanya kitu.

Vifaa. Helmeti iwe na alama ya kiwango cha usalama kinachokubalika, ikukae bila kucheza, na kama umewahi kuanguka ukaigonga, nunua nyingine hata kama haina ufa unaoonekana. Hapa sibishani na mtu kuhusu bei. Ukivaa fulana ya hewa, ile iliyofungwa kwa kamba kwenye tandiko na kuvimba ukianguka, jizoeze kuchomoa kamba yake kabla ya kushuka, maana ikivimba kwa kishindo farasi hushtuka. Fimbo ya kuruka isizidi sentimita 75. Kinga za miguu ya nyuma zina masharti, na FEI huzitaka zisizidi gramu 500 kila moja. Pitia na lijamu na mikanda ya kifuani kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Mavazi ni jambo dogo: yawe safi, buti zing'ae, shati la akiba liwepo. Kilicho muhimu zaidi ni kukagua mishono ya mkanda wa tandiko na ya kamba za vikuku vya kukanyagia usiku wa kuamkia safari, kwa taa nzuri, kwa vidole na si kwa macho tu.

Safari yenyewe humchosha farasi kuliko tunavyodhani, kwa sababu muda wote anajishikilia asiyumbe. Endesha kama umebeba maji kwenye sinia. Fika angalau saa mbili kabla ya daraja lako, na kama njia ni ndefu, ongeza. Nyasi kavu apate njiani na hata kidogo kabla ya kuruka, kwani tumbo tupu huacha asidi irukeruke. Chakula cha nafaka ndicho cha kusimamisha saa chache kabla. Na wewe ule. Nimewaona wengi wanaompimia farasi lishe kwa gramu, wao wenyewe wakipanda na chai tu tumboni, kisha wanasahau njia katikati.

Wiki inayotangulia si wiki ya kujifunza kitu. Viatu vya farasi vipigwe siku tano au zaidi kabla, ili msumari uliokaa vibaya ujulikane mapema. Kuruka kwa nguvu kwa mwisho kuwe siku mbili au tatu kabla. Siku ya mwisho ni matembezi na kujinyoosha. Lijamu mpya, tandiko jipya, buti mpya: hapana.

Na nyuma ya wiki hiyo kuna jambo la kwanza kabisa, fomu ya kujiandikisha, pale unapoulizwa kimo. Mimi huandika kimo cha sentimita kumi chini ya kile ambacho farasi wangu anakiruka nyumbani siku akiwa vizuri. Uwanja mgeni, kipaza sauti, farasi wanaolia na mikono yangu yenye wasiwasi vitakula tofauti hiyo yote. Nikisita kati ya madaraja mawili, ninajaza la chini, na pale penye nafasi ya daraja la pili siku hiyo hiyo naacha wazi.