Umeanza idara ya sayansi? Anza na akaunti ya chuo

Mlioanza fizikia, kemia au baiolojia mwaka huu, jamani kabla ya yote washeni akaunti ya chuo na mbadilishe paswedi siku hiyohiyo, maana hiyo ndo inafungua imeili, kompyuta za maabara na hata eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo. Kwenye eduroam wengi wanakwama kwa sababu wanaandika jina tupu, weka jina la akaunti, kisha @ na anwani ya mtandao ya chuo chako, ukishafanya hivyo hata ukitembelea chuo kingine chenye eduroam simu inashika yenyewe. Na mkipewa ruhusa ya kutumia ile kompyuta kubwa ya pamoja, tafadhali sana usiendeshe hesabu nzito kwenye mashine ya kuingilia, ile unayoifikia kwanza ukiingia, utawakwamisha wenzako wote, zitume kwenye foleni, mara nyingi ni kwa Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi. Data weka kopi kwenye seva ya idara, flashi zinapotea.