Kumfunza punda kuinua mguu bila fimbo

Punda wa Lamu anayebeba mawe na mchanga kutoka gatini yafaa akaguliwe kwato kila siku. Akigoma kuinua mguu, fimbo humfunza kukuogopa tu.

Tuzo peke yake haitoshi: ubongo hujifunza kwa pengo lililopo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, aliliona hilo kwa kima. Seli zao za dopamini, kemikali ya ubongo, zilichangamka walipopata juisi wasiyoitarajia. Walipokwisha kujua kwamba kuna ishara inayoitangulia juisi, zikachangamka kwa ishara. Na juisi ikikosekana, zilitulia wakati uleule ilipotazamiwa.

Kwa hiyo anza na ishara. Piga ulimi mara moja, halafu toa kipande cha karoti kilichokatwa kwa urefu, mfano wa kidole. Vya mviringo huweza kumkaba. Mkono usitangulie mlio, la sivyo atafuata mfuko wako. Rudia mara 15 hadi 20. Masikio yakikugeukia kwa mlio tu, ishara imeshika.

Sasa simama ubavuni karibu na bega, uso wako ukielekea mkiani, ushushe mkono taratibu toka begani hadi chini ya goti. Usivute. Ngoja auhamishe uzito hata kidogo, na papo hapo piga ulimi, kisha mpe. Hapa ndipo wengi huharibu: mlio ukichelewa sekunde mbili, punda ameshakanyaga chini, na kukanyaga ndiko kunakolipwa. Kadhalika akipokonya mguu ukamwachia, amejifunza kupokonya. Mwachie wewe kwanza, akiwa bado ametulia. Dakika 5 asubuhi kabla ya kazi zatosha.

Usishangae kasi ikipungua. Tuseme matarajio ni 0, tuzo ni 1, na kila zamu huziba sehemu moja ya tano ya pengo: matarajio yatakuwa 0.2, kisha 0.36, kisha 0.49. Pengo likipungua, na somo hupungua. Ndipo uongeze ugumu: mguu juu zaidi, kisha kuguswa ukwato, kisha kukwanguliwa.

Akishajua vyema, usimpe kila mara. Mpe pasipo mpangilio. Tabia iliyolipwa hivyo, tuzo zikikoma, hufa polepole. Waambieni na watoto wa mtaa wenu: punda anayedonoa watu barazani, akirushiwa ganda la embe siku moja moja, ataendelea kudonoa muda mrefu kuliko aliyelishwa kila siku kisha akakatiwa.