Mpini wa mviringo: pitia pande nane kwanza

Usizungushe pembe kwa kukisia. Chukua kipande cha mti cha mraba, tuseme upana wa milimita 40, uchore kila upande mistari miwili ya penseli, milimita 12 kutoka kila ukingo (kwa upana mwingine, zidisha kwa 0.29). Chonga kila pembe hadi ufike kwenye mistari, usiifute. Sasa una pande nane. Punguza kingo zake ziwe kumi na sita, kisha msasa. Jicho hugundua upesi ubapa uliozidi mwenzake, lakini mviringo hulidanganya. Kisu kikianza kuzama na kung'oa nyuzi, geuza mti uchonge kutoka ncha ya pili. Kipande kisipokuwa mraba kamili tangu mwanzo, mpini utatoka umbo la yai, na msasa hauliondoi.