Somo: Mafao ya askari aliyefia kazini Marekani, na kodi yake

Walengwa ni mjane, mgane au mtoto wa polisi, askari wa zimamoto, kasisi wa kikosi, mwokoaji au mhudumu wa ambulensi. Kosa linalojirudia hapa si kukwepa kodi. Ni kulipa kodi isiyodaiwa.

Hatua ya 1: Panga fedha kulingana na zilikotoka.
Mkupuo (malipo ya mara moja) wa serikali kuu, PSOB, yaani mafao ya maofisa wa usalama wa umma, una kiwango kimoja: kwa vifo vya kuanzia 1 Oktoba 2024 hadi 30 Septemba 2025 ni dola 448,575. Hautozwi kodi ya mapato ya shirikisho. Kifungu cha 104(a)(6) cha sheria ya kodi ya shirikisho, kilichoongezwa Mei 2015, kinasema hivyo waziwazi na kinagusa pia mifuko ya majimbo ya aina hiyo. Bima ya maisha nayo haitozwi. Mshahara wa mwisho, malipo ya likizo ambayo hakuichukua na akiba ya mfuko wa 457 (mpango wa akiba ya kustaafu kazini) hutozwa kama kawaida, hata kama vyote vililetwa na msiba uleule.

Hatua ya 2: Pensheni ya kila mwezi.
Hii ndiyo yenye mtego. Kifungu cha 101(h) cha sheria hiyohiyo kinaiondolea kodi ikiwa inalipwa na mpango wa serikali kwa mwenzi, mtalaka au mtoto, na inatokana na utumishi wa marehemu katika kazi ya usalama. Kama alikuwa karani wa manispaa miaka 6 kabla ya kuwa polisi, sehemu ya miaka hiyo haimo. Msamaha hauwahusu waliokufa kwa sababu ya utovu wa makusudi, ulevi wa hiari au uzembe mkubwa wao wenyewe, wala mpokeaji ambaye vitendo vyake vilichangia kifo kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 3: Soma fomu 1099-R, taarifa ya mwaka anayokutumia mlipaji wa pensheni, kisanduku kwa kisanduku.
Tuseme pensheni ni dola 3,200 kwa mwezi. Kisanduku cha 1, jumla ya mwaka, kitaonyesha 38,400, na namba 4 katika kisanduku cha 7 maana yake ni malipo ya kifo tu, si kifo cha kazini. Hapo ndipo mambo huharibika: mfumo wa malipo haujui alikufaje, hivyo kisanduku cha 2a, kiasi kinachotozwa kodi, hurudia 38,400. Kilipaswa kuwa 0. Peleka barua ya idara inayothibitisha kifo cha kazini, omba fomu iliyosahihishwa, na jaza W-4P, fomu ya kumwelekeza mlipaji kuhusu makato ya kodi, ili wasiendelee kukata kodi juu kwa juu. Wakigoma kusahihisha, tumia fomu 4852, inayochukua nafasi ya 1099-R yenye kosa, na ueleze sababu.

Hatua ya 4: Ritani (tamko la kodi la mwaka).
Kwenye fomu 1040, mstari wa 5a uandike 38,400 na wa 5b 0. Kodi iliyokwisha katwa, iliyo kisanduku cha 4, iingie mstari wa 25b, la sivyo hairudi.

MASWALI

Tumelipa kodi ya pensheni miaka mitano. Zote zinarudi?
Hapana, pengine ya hivi karibuni tu. Jaza 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, kwa kila mwaka. Muda ni miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani au miaka 2 tangu ulipolipa, utakaochelewa kuisha. Anza na mwaka unaokaribia kufungwa.

Mkupuo tumeuweka benki, watoto bado wadogo. Hakuna kodi kabisa?
Mkupuo wenyewe hauna. Riba ina, na benki itakutumia 1099-INT, taarifa ya riba. Hata riba inayolipwa juu ya bima ya maisha hutozwa.

Marehemu hakuwa na mke wala mtoto, mama yake ndiye anayelipwa.
Mama anaweza kupata PSOB ikiwa hakuna mwingine aliyeandikwa, na hatatozwa kodi ya shirikisho. Lakini akipewa pensheni, 101(h) haimtaji mzazi, kwa hiyo asiandike 0 kwa kufuata somo hili.

Kaka, baba alifariki 1994. Tumechelewa?
Sheria ya 1997, iliyoleta msamaha wa 101(h), iliwagusa waliokufa kuanzia 1997. Marekebisho ya 2001 yakawaingiza waliotangulia, kwa malipo yaliyopokelewa baada ya 31 Desemba 2001. Kama mama bado anapokea pensheni, itazame 1099-R ya mwaka huu kwanza.

Na kodi ya jimbo?
Majimbo mengi huanza hesabu na pato la shirikisho, hivyo 0 yako hufika nayo. Soma fomu ya jimbo lako hata hivyo.