Kabla hujalipia IELTS, soma hapa kwanza

Wewe unayeomba chuo nje, usikimbilie kulipia mtihani wa Kiingereza kabla hujaiandikia barua pepe ofisi ya udahili. Vyuo vingi humsamehe mwombaji aliyesoma digrii kwa Kiingereza. Wanachotaka ni barua ya msajili wa chuo chako yenye muhuri. Mistari mitatu tu, na umeokoa laki kadhaa.

Wakikataa, lipia, ila angalia unachochagua. IELTS ina Academic na General Training. Kwa chuo chukua Academic. Matokeo hudumu miaka 2, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Na usitazame wastani pekee: ukiambiwa 6.5 na kila kipengele kisipungue 6.0, halafu ukapata 7.5 ya kusikiliza na 5.5 ya kuandika, umekwama.

Kwenye kuandika ndiko nilikohangaika mimi (kuongea tumezoea bwana). Kazi ya pili, insha ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza, ya kueleza grafu. Nilianza nayo, dakika 40 kamili, ndipo nikarudi kwenye grafu.