Kabla ya kununua kiwanja mlimani, tazama mashina ya miti
Kabla ya kulipia kiwanja kilicho kwenye mteremko, hata mandhari yake ikuvutie kiasi gani, kizunguke ukitazama mashina ya miti mikubwa pale yanapotoka ardhini. Iwapo mengi yamepinda kuelekea bondeni, kisha yakanyooka kwenda juu, huenda udongo unasogea polepole: ardhi huuinamisha mti, nao hujirudisha wima kadiri unavyokua. Mti mmoja uliopinda si ushahidi. Dalili hii haipatikani palipofyekwa au penye miche michanga, na penye theluji nyingi hupotosha, kwa kuwa uzito wa theluji huyapinda mashina vivyo hivyo. Hapo kagua nguzo zilizoinama na nyufa katika kuta za majirani, au mwite mtaalamu wa udongo na miamba.