Kuwapeleka wanafunzi Tendaguru kutafuta visukuku vya dinosaria, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari anayetaka kuwafikisha wanafunzi kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, mahali ilipotoka mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, inayosimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Kila kikundi kirudi na daftari lenye kumbukumbu sahihi, na kila mfupa ubaki pale ulipokutwa. Mfupa ulioondolewa bila kuandikwa ulikuwa tabaka gani na karibu na nini hauwezi tena kusema umri wake wala habari za mahali mnyama wake alipoishi, na hasara hiyo hairudishiki.

Hatua ya 1: Tarehe

Panga safari kati ya Septemba na katikati ya Oktoba. Mvua za Lindi huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara ya udongo ikishalowa hakuna gari la wanafunzi litakalopita. Juni na Julai ni kiangazi, lakini nyasi bado ni ndefu kuliko mtoto, na Tendaguru si jangwa. Ni pori la miti na vichaka, na ardhi iliyo wazi ni vipande vidogo tu kwenye makorongo, njia za miguu na kingo za mashimo ya zamani. Kadiri nyasi zinavyokauka na kulala, ndivyo mnavyoona. Moto wa msimu ukishapita mtaona zaidi, ila msiwashe ninyi.

Kiangazi ndipo upupu nao hukomaa. Mikono mirefu, suruali na viatu vya kufunika ni lazima kwa kila mtu, wakiwemo walimu. Aliyepatwa asijikune. Bandika selotepu kwenye ngozi na kuivua mara kadhaa ili itoe nywele za upupu, kisha aoshe kwa maji mengi na kubadili nguo.

Hatua ya 2: Vibali

Anza wiki 8 kabla. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kuchimba au kuondoa bila leseni ni kosa, na kuwa na wanafunzi hakubadilishi lolote. Kwa hiyo barua yako kwa Idara ya Mambo ya Kale iseme waziwazi kwamba mnakuja kutazama, kupima na kupiga picha, bila kuchimba na bila kuchukua. Neno "utafiti" likiingia kwenye barua, mtaulizwa kibali cha utafiti, ambacho ni safari nyingine kabisa. Andika "ziara ya mafunzo".

Nakala ziende kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisa elimu. Mkifika, kituo cha kwanza ni ofisi ya kijiji cha Mipingo. Sainini kitabu cha wageni, mwoneni mtendaji, na mwombeni mwenyeji wa kuwaongoza kwa malipo mliyokubaliana kabla ya kuondoka hapo. Msiruke hatua hii hata kama mna ramani nzuri. Mwenyeji ndiye anayejua korongo gani limefunguka baada ya mvua zilizopita, na tembo wamepita wapi wiki hii.

Hatua ya 3: Usafiri na usalama

Laleni Lindi mjini, siyo porini. Kilima kiko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji, na Kosta haifai kwa sehemu ya mwisho; tafuteni magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Ondokeni saa 11 alfajiri. Maji lita 3 kwa kila mtu, na dumu la lita 20 la akiba katika kila gari. Kabla ya safari pigeni simu hospitali ya mkoa, Sokoine, muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Akiumwa mtu, kiungo kisitikiswe, kisikatwe wala kufungwa kamba ya kubana, na safari ya hospitali ianze papo hapo.

Wanafunzi wasizidi 24, vikundi vinne vya watu sita, kila kikundi na mtu mzima wake. Wakizidi hapo, nyayo zinaponda vipande vidogo haraka kuliko macho yanavyoviona.

Hatua ya 4: Vipindi vitatu kabla ya kuondoka

Kipindi cha kwanza ni cha wakati. Chukua kamba ya mita 46, sentimita 1 iwe miaka milioni 1. Mwanzo wa kamba ni kuumbika kwa dunia. Dinosaria wa Tendaguru, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, wako mita 1 na nusu kutoka mwisho. Kutoweka kwa dinosaria wakubwa ni sentimita 66. Nyayo za Laetoli, za mababu wa binadamu, ni sentimita 3.6. Mtu wa leo, mwenye miaka takriban 300,000, ni milimita 3. Fanya hivi uwanjani, siyo ubaoni. Ubaoni namba hizi hazimwingii mtu.

Kipindi cha pili ni cha ukubwa. Giraffatitan wa Berlin ana kimo cha mita 13.27, na mfupa wake wa mkono wa juu una urefu wa sentimita 213. Chora mfupa huo kwa chokaa sakafuni, mwanafunzi mrefu kuliko wote alale kando yake. Sahihisha pia jina. Watu wengi husema "mjusi wa Tendaguru", lakini dinosaria hakuwa mjusi. Miguu ya mjusi hutanuka pembeni. Ya dinosaria ilisimama wima chini ya mwili, kama ya ng'ombe. Waeleze vilevile kwamba mnyama huyu alipewa jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na leo anaitwa Giraffatitan brancai, maana watakutana na majina yote mawili.

Kipindi cha tatu ni cha matabaka. Tendaguru ina matabaka matatu yenye dinosaria, na baina yake kuna matabaka ya bahari yenye makombe. Bahari ilipanda na kushuka pale mara kadhaa. Mwanafunzi akilijua hilo, kombe alilolikuta mlimani linakuwa ushahidi wa pwani iliyokuwepo zamani.

Hatua ya 5: Mfupa au jiwe?

Hapa ndipo vikundi hupoteza asubuhi nzima. Wanafunzi huita kila jiwe refu "mfupa", mwalimu anakimbia huku na huko, na kufikia saa 4 jua limekuwa kali na hakuna lililoandikwa. Dawa yake ni kuwafundisha kukataa kabla ya kukubali.

Tafuteni jua likiwa chini, saa 1 hadi saa 4 asubuhi, tena saa 9 hadi 11 jioni, kwa sababu kivuli kirefu huonyesha umbo. Kikundi kipange mstari, mtu na mtu mita 2, kitembee polepole kikipanda korongo. Kipande kilichokutwa chini mara nyingi kimeporomoka kutoka juu. Anayepanda ndiye atakayekifikia chanzo chake. Anayeona kitu achomeke kibendera sentimita 20 pembeni, anyanyue mkono, na asikiguse.

Kisha kikundi kizima kiulize maswali haya kwa mpangilio huu:

Je, ndani kuna matundu? Tazameni sehemu iliyovunjika kwa kioo cha kukuzia mara 10. Mfupa una ganda gumu nje na sponji ndani. Jiwe la mchanga lina chembe zilezile kutoka nje hadi katikati. Swali hili linamaliza kesi nyingi kuliko mengine yote yakiunganishwa, na kioo cha bei ya chini kinatosha, mradi kila kikundi kiwe na chake. Angalizo: pingili za shingo na mgongo za dinosaria wenye shingo ndefu zilikuwa na mapango ya hewa, hivyo huonekana kama kuta nyembamba za sega la nyuki kuliko sponji.

Je, nyuzi zinakwenda upande mmoja? Huo huenda ni mti uliogeuka jiwe. Tafuteni miviringo ya ukuaji kwenye ncha.

Je, kimejikunja matabaka kama kitunguu? Hilo ni jiwe lililojijenga kuzunguka kiini. Huwa la mviringo safi mno, na huwadanganya wengi kuwa ni kichwa cha mfupa wa paja.

Je, ni bomba jeupe linalomeguka kwa ukucha? Ni chokaa iliyojikusanya kuzunguka mzizi. Tone la maji ya ndimu huifanya itoe povu. Lakini msidondoshe ndimu kwenye kitu chenyewe, kwani mfupa halisi nao huweza kufunikwa na chokaa, na asidi inauharibu. Pimeni kipande cha jiwe tupu kilicho kando.

Je, kinafanana na risasi, kina ncha, na kikivunjika huonyesha mistari inayotoka katikati kama miale? Hiyo ni belemniti, mnyama wa bahari wa jamii ya ngisi na pweza. Wanafunzi huiita jino. Iandikeni, kwa sababu inawaambia mko kwenye tabaka la bahari.

Je, ni mfupa wa juzi? Baada ya moto wa pori mifupa ya swala au mbuzi hubaki myeupe au myeusi, ina nyufa za kukingama, na masizi yake hupaka kidole. Huyo hana hata mwaka mmoja.

Rangi msiitegemee. Mfupa huchukua rangi ya madini yaliyouingia, na jiwe lenye chuma hupata wekundu uleule. Kulamba nako kupigwe marufuku. Ni kweli mfupa wa kale hunasa ulimi kwa sababu vitundu vyake hunyonya mate, lakini udongo wa mfinyanzi hunasa vilevile, kwa hiyo kipimo hakithibitishi kitu na mtoto amekula uchafu.

Kitu kikipita maswali yote, andikeni "huenda ni mfupa". Msiandike "mfupa", na jina la mnyama msilitaje kabisa. Waambie wanafunzi mapema kwamba kundi lililofanya kazi nzuri linaweza kumaliza siku likiwa limeona vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja. Aliyeahidiwa gofu zima la mnyama atarudi amenuna, na kosa litakuwa la aliyemwahidi.

Hatua ya 6: Kuandika

Daftari la karatasi na penseli ya HB. Kalamu ya wino huchuruzika kwa jasho, na programu za simu huzimika pamoja na betri saa 8 mchana.

Kila kitu kipate namba, saa, jina la aliyekiona, urefu na upana kwa milimita, rangi na aina ya udongo unaokizunguka, na kama kimelala kwenye tabaka lake au kimeporomoka. Picha tatu: ya juu moja kwa moja ukiwa na rula ya sentimita 30 kando ya kitu, ya pembeni, na ya mbali ikionyesha korongo lote. Kivuli cha mpiga picha kisiguse kitu.

Mahali ndipo penye mtego. Simu hutoa namba za mahali kwa mfumo wa vipimo vya ramani uitwao WGS84, ilhali ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukihamisha namba za simu moja kwa moja kwenye ramani hiyo, alama itakaa zaidi ya mita 200 kutoka mahali pake, pengine kwenye tabaka lingine kabisa. Andikeni jina la mfumo kwenye kila ukurasa, mtumie digrii za desimali zenye tarakimu 5 baada ya nukta, na msubiri dakika 2 simu ikiwa wazi juu kabla ya kusoma. Namba hizi ziende kwenye ripoti peke yake. Zikiingia kwenye makundi ya WhatsApp, anayeuza visukuku atafika kabla ya mtafiti.

Hatua ya 7: Swali la Berlin

Litaulizwa, kwa hiyo jibu liwe tayari: mifupa yetu iko wapi? Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa jumba la makumbusho la Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, ulichimba na kuondoa zaidi ya tani 200. Mamia ya Waafrika walichimba, wakafunga mifupa kwa udongo, plasta na mianzi, wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mtajeni kwa jina mkiwa pale pale kilimani. Baada ya hapo waacheni wanafunzi wajadiliane kama mifupa irudi, ibaki, au faida yake igawanywe; bunge la Tanzania nalo limeshalijadili.

Hatua ya 8: Mkirudi

Ndani ya wiki 2, chapeni ripoti nakala tatu: Idara ya Mambo ya Kale, maktaba ya shule, na ofisi ya kijiji cha Mipingo. Ya kijiji pelekeni kwa mkono au kwa mtu mnayemwamini, ikiwa na picha zilizochapishwa kwa rangi.

Anayetaka watoto washike kitu, afanye nakala ya plasta kwa mfupa wa ng'ombe kutoka machinjioni. Bonyeza mfupa kwenye udongo wa mfinyanzi, toa, kisha changanya plasta vikombe 2 kwa maji kikombe 1. Plasta ndiyo imwagwe kwenye maji, siyo maji kwenye plasta, la sivyo mabonge hayaishi. Imwage ndani ya dakika 5, subiri dakika 45. Ikiganda hupata joto, kwa hiyo mtoto asizamishe mkono ndani, na masalio yatupwe shimoni, kamwe yasimwagwe kwenye sinki.